Mbea wa Ukutani

3 Februari

Mke mwenzangu,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Marahaba, tuendelee, maana nina haraka na nina hasira.

Mjomba wako alikuja juzi. Alikula, akashiba, akaingia chumbani kwangu, akasogeza kitanda na kuchomeka ncha ya kidole kwenye ufa. Ufa wenyewe unaujua: uko pale nyumba ya marehemu babu yako inapokutana na chumba kipya alichonijengea yeye mjomba wako, ninamolala. Ulipokuja mara ya mwisho usingeweza kupenyeza hata sindano. Sasa ncha ya kidole imeingia, na vidole vya yule fundi ujenzi unavijua vilivyo.

Akakipangusa kidole, akasema: "Mama, nyumba ya baba imechoka. Inaanguka. Mvua kubwa zisikukute humu. Mwisho wa Machi nakuja na gari, unahamia kwangu." Hakuuliza. Alisema kama mtu anayeagiza saruji.

Mjukuu wangu, sina ugomvi na nyumba ya mjomba wako. Ina vigae, ina bomba ndani, na mkamwana wangu ananipenda. Lakini humu babu yako alipanga tofali kwa tofali, mimi nikimpandishia udongo nikiwa na mimba ya mama yako. Nikitolewa humu nitakuwa mgeni mpaka nife. Nisikufiche, hilo naliogopa kuliko kuangukiwa na ukuta.

Sasa swali. Wewe unatengeneza vipimo huko chuoni. Kipo kipimo cha kujua kama ukuta unatembea au umesimama? Usiniambie nisubiri mwakani. Rula nimejaribu, rula haioni kitu. Nilitunza maabara ya shule ya wasichana mpaka nikastaafu, kwa hiyo usinieleze kama mtoto, ila usiniandikie kama kitabu pia. Na usipige simu. Simu yangu ya tochi haipokei michoro, na sikio la mjomba wako haliko mbali.

Mke Mkubwa


11 Februari

Bibi mke mwenza,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikampa mkuu wa karakana, naye akacheka mpaka akavua miwani. Kipimo kipo! Tena tunaweza kukitengeneza wenyewe, mimi huku na wewe huko!

Kinaitwa intaferometa. Usitishwe na jina. Unachukua mwali mmoja wa leza, unaupiga kwenye kioo kilichopakwa fedha nyepesi sana, kiasi kwamba nusu ya mwanga hupenya na nusu hurudishwa. Kioo hicho tumwite Mgawaji. Hapo mwali umekuwa miali miwili, ndugu wa damu. Mmoja unanyoosha mbele, mwingine unakata kona. Kila mmoja unagonga kioo chake, unarudi kwa Mgawaji, na hapo wanakutana tena na kuangukia ukutani pamoja. Wakirudi na hatua sawa, wanaongezana, panang'aa. Wakirudi wamepishana hatua, wanauana, panakuwa giza. Ukiweka lenzi ndogo njiani utaona pete: ya mwanga, ya giza, ya mwanga, ya giza. Kioo kimoja kikisogea hata sehemu ndogo tu ya unene wa unywele, pete zote zinakimbia.

Umeshaona ninakokwenda? Kioo kimoja tunakibandika upande mmoja wa ufa. Vingine vyote vinakaa upande wa pili. Ukuta ukitembea hautakuwa na pa kujificha.

Kifurushi nimempa dereva wa basi, kiko ndani ya sufuria ili kisipondwe. Kuna leza ya mkononi, ile wahadhiri wanayoonyeshea ubaoni. Usiielekeze jichoni wala usichungulie tundu lake. Kuna vioo viwili nilivyovichomoa kwenye mashine ya kunakili iliyokufa. Mgawaji nimempaka fedha kwa mkono wangu, baada ya kuharibu wenzake hata sitaki kusema wangapi. Lenzi ni ya tundu la mlangoni, lile la kuchungulia wageni.

Huko tafuta bamba zito la jiwe, tyubu ya baiskeli na boksi la kufunikia. Tyubu ijaze upepo kidogo tu, ilaze mezani, jiwe liweke juu yake. Itameza mitikisiko ya barabarani. Tuone pete mezani kwanza, ukutani baadaye. Bibi, mikono inaniwasha!

Mke Mdogo


17 Februari

Mke mwenzangu,

Nimeua.

Kifurushi kilifika salama. Nikafungua, nikakuta vioo vina alama za vidole. Vidole, mwanamke mzima! Nikajiuliza, huyu mtoto nilimlea mimi au alilelewa gereji? Miaka yote maabarani hakuna kioo kilichopita mkononi mwangu kikatoka na doa. Nikachukua kitambaa safi, sabuni na majivu laini, nikasugua cha kwanza. Nikasugua vizuri, kama inavyotakiwa. Nikakiinua dirishani nijione.

Sikujiona. Nilimwona jirani anaanika nguo.

Kioo kimekuwa dirisha! Fedha yote imebaki kwenye kitambaa. Basi nikasema hiki kilikuwa kibovu tangu huko, nikachukua cha pili nikasugua zaidi ili kisiharibike kama cha kwanza. Hicho nacho nikamwona jirani, safari hii na yeye ananiona, ananipungia mkono.

Mgawaji yuko hai kwa sababu maji yaliisha.

Niambie tumefika wapi. Siku zinakwenda, na jana mjomba wako alimpigia mkamwana simu mbele yangu, amwandalie mama chumba.

Mke Mkubwa, mwuaji


21 Februari

Bibi,

Nimecheka mpaka mkuu wa karakana akaniletea maji, kisha nikaona haya, maana kosa ni langu. Vioo vyetu vya nyumbani vimepakwa fedha mgongoni, uso wake ni kioo tupu, hata ukisugua kwa jiwe. Hivi vya mashine vimepakwa fedha USONI, ili mwanga usipite kwenye kioo na kupotea njia. Ngozi yake ni nyembamba kuliko utando wa maziwa. Niliona ni jambo analolijua kila mtu. Wewe ulizoea chupa na mirija, nani angekuambia?

Nakutumia vingine viwili. Hivi ndivyo vya mwisho. Mashine zote zilizokufa hapa chuoni nimeshazipekua matumbo. Vumbi lipulizie kwa kipira cha kunawishia masikio. Alama za vidole zivumilie kama unavyonivumilia mimi.

Mke Mdogo, mwenye vidole vichafu


27 Februari

Mke mwenzangu, we, we, we!

ZIMETOKEA!

Tangu Jumapili nimefunga madirisha mchana kweupe kama nyumba yenye msiba, nimepiga magoti mbele ya meza, napapasa vioo. Madoa mawili mekundu ukutani: hili linakwenda kulia, lile linabaki. Nakaza parafujo ya kioo, linapanda. Nalegeza, linazama. Magoti yakaniambia bibi wewe, umri huo. Nikayaambia nyamazeni. Leo asubuhi madoa yakapandana, nikaweka lenzi yako ya mlangoni, na ukuta mzima ukafunguka. Pete! Nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi, zimekaa ndani kwa ndani, zinapumua!

Nilipiga kigelegele. Pete zote zikavurugika, zikawa uji. Nikanyamaza, zikarudi. Nikapiga tena makusudi, zikavurugika tena. Nilifanya hivyo mpaka jirani akaja kuuliza anaolewa nani.

Kila kitu kinaonekana, mke mwenza. Paka akiruka dirishani, zinatetemeka. Mashine ya kusaga ya kule kona ikiwashwa, zinachanganyikiwa, ikizimwa, zinatulia. Niliweka kiganja karibu na mkono mmoja wa mwanga, bila kugusa, joto la kiganja tu, na pete zikaanza kuzaliwa katikati moja baada ya moja na kutanuka nje. Jirani alikanyaga kizingiti kwa ncha ya kidole na mashine ikamsema! Nimeshaipa jina: Mbea. Hakuna siri inayopita mbele yake akainyamazia.

Sasa nifundishe kumpandisha ukutani. Namtaka leo.

Mke Mkubwa


2 Machi

Mpwa wangu,

Natumaini hujambo. Sisi wazima.

Jana nilipita kwa mama mchana. Madirisha yamefungwa. Niliita, hakuitika. Niliingia nikamkuta amelala kifudifudi sakafuni gizani, amezuia pumzi. Nilipiga ukelele. Akanikemea kwamba nimemvurugia pete. Mimi nilikuwa nimeshafikiri mambo mengine kabisa, na mpaka sasa moyo wangu haujakaa sawa.

Nasikia wewe ndiye unayemtumia hivi vitu. Najua unampenda. Na mimi nampenda, ni mama yangu. Lakini mimi najenga nyumba za watu, na ufa naujua. Ile nyumba ya zamani ni ya udongo wa kuchoma na chokaa, haina nondo hata moja. Chumba nilichomjengea ni cha tofali za saruji, kina nondo na linta ya zege. Hapo si lazima uwe na leza kujua kipi kinachoanguka. Usimpe matumaini. Akibaki humo kwa ajili ya mchezo wenu, na mvua ikaja, mimi na wewe tutakuja kuambiana nini?

Gari nimeshaliahidi kwa tarehe 30. Mwambie ajiandae.

Mjomba wako


6 Machi

Bibi mke mwenza,

Shikamoo. Mjomba ameniandikia. Anaogopa, usimcheke sana. Kama ukuta unatembea kweli, mimi mwenyewe nitakuja kukufungia mizigo. Tuelewane hapo kabla hatujaendelea.

Sasa Mbea apande ukutani. Mwambie seremala akutengenezee rafu imara, aikaze kwenye ukuta wa nyumba ya babu, karibu kabisa na ufa. Jiwe, leza, Mgawaji na kioo cha kwanza vikae hapo. Tyubu iache, maana sasa tunataka Mbea na ukuta wawe kitu kimoja. Kioo cha pili kibandike ng'ambo ya ufa, kwenye ukuta wa chumba kipya. Hakikisha mkono huo wa mwanga ni mrefu kidogo kuliko mwenzake. Hapo pete zikizaliwa katikati, ufa unapanuka. Zikimezwa katikati, ufa unafunga.

Ukuta wowote huvimba jua likipanda na kunywea likitua, kwa hiyo usishtuke ukiona mbio. Tunachotaka kujua ni kama unarudi ulikotoka. Chukua sinia na maharage. Kila pete ikizaliwa, weka harage. Kila ikimezwa, toa. Anza alfajiri, maliza alfajiri ya pili, mpokezane na jirani. Sinia likibaki tupu, ukuta ulitoka matembezini ukarudi nyumbani. Likibaki na maharage, haukurudi.

Niandikie siku hiyohiyo. Nalala naota maharage.

Mke Mdogo


14 Machi

Mjukuu wangu,

Natumai u mzima. Mbea tulimpandisha kama ulivyoagiza. Tulikaa kuanzia alfajiri hadi alfajiri. Pete zilitulia tuli. Haikuzaliwa hata moja, haikumezwa hata moja. Harage halikuguswa. Ukuta umesimama imara.

Nashukuru kwa kazi yako. Mwandikie mjomba wako kwamba gari halihitajiki. Wewe ni mtu wa chuo, atakusikiliza.

Bibi yako


17 Machi

Bibi,

Mara ya mwisho kusaini "Bibi yako" ilikuwa uliponificha kwamba babu amelazwa.

Kama ungenidanganya kidogo ningeamini. Ungesema maharage yalijaa sinia mchana yakaisha usiku, ningeruka kwa furaha na mjomba ningeshamwandikia. Lakini pete kutulia kutwa kucha? Bibi, hata ukuta wa benki unapumua. Paka wako ameacha kuruka? Mashine ya kusaga imehama? Mbea ambaye jana alimsema jirani kwa ncha ya kidole, leo amekaa kimya kama bwana harusi?

Sinia lilijaa. Nimekosea?

Sikukasirikii, nimeogopa. Nimekaa karakanani na barua yako mkononi, nikashindwa kufanya kazi. Naipenda nyumba ile kama wewe, nilizaliwa humo, lakini nyumba zipo nyingi na bibi ni mmoja. Usinifanye nimwandikie mjomba uongo halafu niletewe habari.

Sasa sikiliza, maana bado hatujamaliza. Ufa una pande mbili. Mke na mume wakiachana, kizingiti hakiwezi kusema nani aliyeondoka. Mbea amekuambia tu kwamba kuta zinaachana. Ni ipi inayotembea? Mjomba anasema ya babu, kwa sababu ni ya zamani. Inawezekana. Lakini hajapima, na wewe hujapima.

Lile jabali la uani mnalofulia nguo, babu alikataa kulivunja kwa sababu lilimshinda. Mizizi yake iko chini kabisa. Hilo haliendi popote. Mweke Mbea juu ya jabali, mfunike kwa boksi na mablanketi upepo usimguse. Siku moja kioo chake kibandike kwenye ukuta wa babu. Siku nyingine kwenye ukuta wa chumba kipya. Atakayejaza sinia ndiye mtoro.

Na safari hii niambie ulichokiona.

Mke Mdogo, bado anakupenda


24 Machi

Mke mwenzangu,

Barua yako niliitupa chini ya kitanda. Nilinuna siku nzima. Unamfananisha Mbea wangu na bwana harusi! Kisha nikaiokota, kwa sababu ulisema kweli, na kweli ikishaingia ndani ya nyumba huwezi kuifukuza kwa fagio.

Ndiyo, sinia lilijaa. Lilijaa na maharage yakaanguka sakafuni. Nilikaa nikayatazama yale maharage nikaona magodoro yangu juu ya gari la mjomba wako. Ndipo nikakuandikia ule upuuzi. Huyo Mbea niliyemlea mwenyewe anasema kweli kwa paka na kwa jirani, halafu mimi nimfunge mdomo akitaka kunisema mimi? Nimeona aibu. Yamekwisha.

Sasa kaa chini. Umekaa?

Tulimweka juu ya jabali. Jirani, mimi, boksi, mablanketi yote ya nyumba. Wapita njia walidhani tumemfunika mgonjwa. Siku ya kwanza, ukuta wa babu yako. Jua lilipopanda maharage yakaingia sinia, mbio mbio, moyo wangu ukaingia nayo. Jioni pete zikaanza kumezwa. Natoa, natoa, natoa. Alfajiri pete zilitulia na sinia lilikuwa tupu, mke mwenza, TUPU, limebaki vumbi la maharage! Ukuta wa yule mzee ulikwenda matembezini ukarudi kulala nyumbani, kama yeye mwenyewe alivyokuwa. Nililia hapohapo juu ya jabali. Jirani naye akalia, hajui kwa nini.

Siku ya pili, ukuta wa chumba kipya. Asubuhi yakaingia. Jioni yakaendelea kuingia. Baridi ikashuka, yakaendelea kuingia! Tulimaliza maharage yangu, tukakimbilia kunde za jirani.

Anayetembea ni mgeni! Chumba cha nondo, cha linta, cha saruji ndicho kinachokwenda zake, na nyumba ya tope na chokaa imesimama inakitazama. Niliruka. Kisha nikakumbuka kitanda changu kiko wapi, nikaacha kuruka. Tumekihamishia kwenye chumba cha zamani asubuhi hiyohiyo. Kama ungeuamini uongo wangu, mjukuu wangu, ningekuwa nimelala kule naisubiri mvua kwa amani.

Mjomba wako alikuja jana. Nilimpa kigoda na sinia, nikasema, "Keti, kila ikizaliwa weka." Alikaa akicheka. Baada ya muda hakucheka tena. Aliweka harage, akaweka harage, mpaka jua likatua. Akasimama, akaenda kuupapasa ukuta wake kwa kiganja, akaondoka bila kula. Mwanangu kuondoka kwangu bila kula, hilo sijawahi kuliona. Alinijengea kile chumba kwa mapenzi, nalijua hilo, na sikutaka kumwona vile.

Mke Mkubwa


26 Machi

Mpwa wangu,

Hicho chombo kinaweza kukosea?

Naomba jibu la kweli. Chumba cha mama nilikichimbia msingi mfupi. Udongo wa kule nyuma ni mweusi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi. Niliona ni chumba kimoja tu, nondo zitakibeba. Nyumba yangu mwenyewe nimeijenga mwaka uleule, kwenye udongo uleule, kwa msingi uleule. Chumba cha watoto kina ufa juu ya dirisha. Niliupaka rangi.

Mjomba wako


28 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kinaweza kukosea kikitikiswa, kikipigwa na upepo, au kikifutwa na bibi. Lakini kikirudia jibu lilelile, kiamini. Hakijui nani fundi na nani mama wa fundi.

Pima kwako, mjomba. Usingoje tarehe ya gari. Mchukue bibi na Mbea kesho, na kama hakuna jabali, tumia nguzo ya tangi la maji, mradi msingi wake umeenda chini kwenye mwamba. Mimi nimeomba ruhusa, nakuja kwa basi la Ijumaa ya wiki ijayo. Samahani kama niliwahi kukucheka.

Mpwa wako


7 Aprili

Mke mwenzangu,

Nilikungoja Ijumaa, na najua sasa kwamba daraja limejaa maji ya mvua za huko kwenu na mabasi yamerudishwa. Usihuzunike, barabara ikikauka utakuja. Nakuandikia ili usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu.

Huku mvua imeshuka jana kutwa. Saa za mchana ukuta wa chumba cha watoto, kule kwa mjomba wako, umeanguka. Umeanguka kwa ndani, juu ya vitanda vitatu. Vilikuwa vitanda vitupu. Usiogope, soma polepole: hakuna aliyeumia, hata kuku.

Nilikwenda naye kupima, kama ulivyomwambia. Nilimpakata Mbea garini nimemfunga kwa khanga, na kila shimo la barabarani nilimwomba radhi. Mjomba wako alihesabu mwenyewe, hakukubali nimpokee hata kwenda chooni. Alfajiri alilitazama sinia lililojaa, akalibeba, akaenda kuyamwaga maharage jikoni. Akanirudisha kwangu. Njia nzima hakukwepa hata shimo moja. Nilijua hasira yake si kwangu, lakini nilijua pia kwamba ni mtu wa kichwa kigumu, kakirithi kwangu, na niliporudi sikula vizuri. Nilifikiri atasema mashine ya wanawake wawili haiwezi kumtoa kwenye nyumba yake.

Ilikuwa Jumatano iliyopita, jua kali, hata wingu moja hakuna. Nilikuwa uani naanua nguo. Nikasikia gari. Lilikuwa lile gari, mke mwenza, lile la tarehe 30, limechelewa siku kadhaa, na lilikuwa limejaa. Magodoro, masufuria, meza ya televisheni miguu juu, mkamwana wangu mbele amepakata saa ya ukutani, watoto nyuma wamekaa juu ya mabunda ya nguo.

Mjomba wako akashuka. Geti lilikuwa wazi na mimi ananiona, niko hatua chache tu kutoka kwake. Hakuingia. Alisimama nje, mikono ameikunja mbele kama alivyokuwa akisimama utotoni akirudishwa shule, akasema:

"Hodi, mama. Tuko sita. Tunaweza kuhamia kwako?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya siku hiyo, yote makali. Nikayaacha yote. Nikamwambia, "Karibuni, baba. Pitisheni magodoro kabla hayajaloa," na jua lilikuwa linawaka.

Mke Mkubwa